Kubadili injini ya pikapu kongwe bila kukwama kwenye moshi wala kwenye kadi: mwongozo kamili kwa wenye magari Unguja na Pemba

Mwongozo huu ninauandika kwa ajili ya wenye pikapu waliofika mwisho wa kazi kisha wakakwama. Injini imefungwa, inawaka vizuri, na mzigo wa mwani kutoka Jambiani unafika mjini bila taabu. Lakini siku ya ukaguzi gari linarudishwa, ama kwa sababu namba iliyo kwenye bloku, yaani bodi ya injini, hailingani na ya kwenye kadi, ama kwa sababu moshi wake unawalazimisha walio nyuma kufunga vioo. Ninapowauliza walianzia wapi, karibu wote hunijibu jambo moja, kwamba walianza kwa kununua injini.

Kosa liko hapo. Katika mpango ulio sawa, fedha ya injini hutoka mfukoni katika hatua ya nne. Zilizotangulia ni za karatasi, kalamu na maswali, na hazina gharama kubwa.

Mfano nitakaoutumia ni Toyota Hilux ya miaka ya 1990, yenye injini ya dizeli ya 3L ya sentimita za ujazo 2,779, kwa kuwa ndiyo niliyoishika kwa mikono yangu. Mwenye gari la aina nyingine atafuata hatua hizi hizi na kubadilisha majina ya injini tu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kadi ya gari ya asili na nakala zake mbili, pamoja na hati ya bima iliyo hai.
- Daftari moja la kazi hii peke yake, na simu yenye kamera nzuri.
- Futi ya chuma, rula ya pembe, kadibodi ngumu na mkasi.
- Kipimo cha kompresheni (msukumo wa hewa ndani ya silinda) kinacholingana na aina ya mafuta: cha petroli hakifai kwa dizeli, kwa sababu msukumo wa dizeli ni zaidi ya mara mbili na utakiharibu.
- Nyundo ndogo, brashi ya waya, tochi, kitambaa cheupe, penseli na karatasi nyembamba.
- Winchi ya mnyororo na mahali imara pa kuitundika, pamoja na vigoda vya chuma vya kusimamishia gari. Tawi la mwembe halihesabiwi kuwa mahali imara, hata kama fundi wako amelitumia miaka kumi.
- Akiba ya robo ya bajeti nzima, isiyoguswa mpaka gari litakapoingia barabarani.

## Hatua ya 1: Soma kadi, kisha soma gari

Chukua kadi na uende nayo kwenye gari. Soma namba ya chesisi kwenye chuma chenyewe, soma namba ya injini kwenye bloku, kisha linganisha tarakimu kwa tarakimu. Andika pia ujazo wa injini, aina ya mafuta na mwaka wa kutengenezwa kama kadi inavyosema.

Hatua hii inawashangaza wengi. Pikapu ya miaka thelathini imepita mikono mingi, na si ajabu kukuta injini iliyomo sasa siyo iliyoandikwa, kwa kuwa mwenye gari wa zamani aliibadili akanyamaza. Ukiligundua hilo leo, ni jambo la kueleza na kurekebisha. Likigunduliwa na mkaguzi baada ya wewe kufunga injini ya tatu, utaulizwa maswali kuhusu injini mbili ambazo huna karatasi ya hata moja.

Baada ya hapo, lala chini ya gari. Hewa ya bahari ya visiwa hivi inakula chuma kimyakimya, na chesisi iliyopakwa rangi nyeusi juu inaweza kuwa karatasi kwa ndani. Gonga kwa nyundo ndogo urefu wote, hasa pale vinapokaa vishikizo vya injini na vishikizo vya springi. Chuma kizima hulia kwa mlio mkali. Kilichooza hutoa mlio mfupi uliofifia, na vipande vya kutu huanguka usoni. Pikapu zinazoingia ufukweni kupakia samaki zigongwe mara mbili.

Chesisi ikiwa imeoza kwenye vishikizo, simamisha mpango wa injini. Hakuna injini safi itakayolifanya gari hilo kuwa halali au salama.

Hatua hii imekamilika unapokuwa na ukurasa mmoja wa daftari unaoonyesha kuwa namba zote zimesomwa kwenye chuma, zimelingana, na zimepigwa picha.

## Hatua ya 2: Uliza kabla ya kununua, na uulize kwa maandishi

Andika barua fupi kwenda ofisi ya usajili wa vyombo vya moto, ueleze gari ulilonalo, aina ya injini unayokusudia kufunga, ujazo wake na mafuta yake. Omba ujibiwe mambo manne: kama badiliko hilo linakubalika, ukaguzi utafanywa na nani, karatasi zipi zitahitajika, na ada ni kiasi gani. Beba nakala ya barua, igongwe muhuri wa kupokelewa, uirudishe nyumbani.

Kuna watakaosema kuwa kuuliza ni kujitafutia matatizo. Mimi naona kinyume chake. Jibu la mdomo la afisa wa Jumatatu halimfungi afisa wa Ijumaa, lakini barua yenye muhuri inaonyesha kuwa ulianza kwa nia njema, na mara nyingi humaliza ubishi kabla haujaanza.

Mjulishe na anayekukatia bima. Gari lililopata ajali likiwa na injini isiyojulikana kwake linampa sababu ya kusita kulipa, na hasara itakurudia wewe.

## Hatua ya 3: Chagua injini kwa kanuni tatu

Katika jambo la moshi wa injini zilizohamishwa, jimbo la California nchini Marekani limekuwa kali kwa muda mrefu. Sheria zao hazitufungi sisi, lakini kanuni zao zinafaa kuwa kipimo, kwa sababu zimejengwa juu ya namna injini inavyofanya kazi.

Kanuni ya kwanza ni kwamba injini isiwe kongwe kuliko gari. Ukiwa na pikapu ya 1995, tafuta injini ya mwaka huo au ya baadaye. Kanuni ya pili ni kwamba injini itoke kwenye gari la daraja moja na lako. Injini ya lori haihamii kwenye pikapu ndogo, kwa kuwa ilitengenezwa kwa kipimo kingine cha moshi. Kanuni ya tatu ndiyo inayovunjwa zaidi: vifaa vyote vya kusafisha moshi vilivyokuja na injini hiyo vihame pamoja nayo, vikiwa vizima na vinavyofanya kazi.

Kwa Hilux yetu, njia zilizo mbele yako ni hizi.

3L kwa 3L. Njia hii ndiyo fupi kuliko zote. Ujazo haubadiliki, mafuta hayabadiliki, na kwenye kadi inabadilika namba peke yake. Kama lengo lako ni gari la shamba la kubebea karafuu kutoka Konde hadi Wete, usitafute zaidi ya hapa.

5L. Ni ndugu wa 3L, yenye sentimita za ujazo 2,986. Inakubali giaboksi ile ile, haina turbo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi), na haihitaji kompyuta kama pampu yake ni ya kawaida. Nguvu inaongezeka kidogo na kazi inabaki nyepesi. Kwenye kadi itabidi ubadili namba na ujazo.

1KZ-TE. Hii ni dizeli yenye turbo na pampu inayoongozwa na kompyuta, ujazo 2,982. Inavuta vizuri sana, lakini silinda hedi yake inajulikana kwa kupasuka injini inapopata joto, kwa hiyo rejeta kubwa na nzima ni lazima. Inataka waya zake, kompyuta yake na mara nyingi giaboksi yake.

3RZ-FE. Ni ya petroli, ujazo 2,694. Ikiwa na masega yake (kifaa cha kusafisha moshi kilicho kwenye eksozi) na sensa zake, moshi wake ni msafi kuliko dizeli zote nilizotaja juu. Gharama yake imejificha kwingine: tangi la dizeli linapaswa kuondolewa, pampu ya petroli ikae ndani ya tangi jipya, na mabomba ya mafuta yabadilishwe yote. Aina ya mafuta kwenye kadi nayo inabadilika.

Sasa nifike kwa wale wanaotamani dizeli mpya za kisasa zenye chujio la masizi kwenye eksozi. Injini hizo zinahitaji dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 10 hadi 15 kwa milioni, ilhali kiwango ambacho nchi za Afrika Mashariki zilianza kukifuata mwaka 2015 ni sehemu 50. Ukiongeza safari fupifupi za mjini, ambazo haziipi eksozi joto la kutosha kuyachoma masizi, chujio huziba. Mwenye gari naye hulikata, na hapo ameivunja kanuni ya tatu na moshi umekuwa mweusi. Chagua injini ambayo tangu kiwandani haikuwekewa chujio hilo, kuliko kununua iliyo nalo kwa nia ya kulitoa.

Andika uchaguzi wako kwenye daftari pamoja na sababu. Ukiona huwezi kuandika sababu nyingine zaidi ya "ina nguvu", bado hujachagua.

## Hatua ya 4: Kagua injini kabla ya kulipa

Injini ya mtumba huuzwa kwa namna mbili: ikiwa peke yake juu ya tairi, au ikiwa ndani ya kipande cha mbele cha gari lililokatwa. Ikiwa unahamia kwenye injini yenye kompyuta, nunua kipande cha mbele kizima hata kama bei inaumiza. Waya zilizokatwa kwa kisu karibu na ukuta wa kabini zitakugharimu zaidi ya tofauti hiyo, na vifaa vya moshi vinavyokosekana huwezi kuvipata kimoja kimoja.

Anza na namba. Safisha sehemu iliyopigwa namba kwa kitambaa chenye dizeli kidogo, uikaushe, uweke karatasi nyembamba juu yake na upitishe penseli kwa ulalo. Tarakimu zitajichora zenyewe. Namba ya kiwandani ina kina kinacholingana, na uso wa chuma unaoizunguka una ukwaruzo ule ule wa bloku nzima. Ukiona sehemu hiyo inang'aa peke yake, au mistari ya penseli inatokea kama mawimbi, chuma hicho kimesagwa. Ondoka. Usijadili bei.

Kisha fungua kifuniko cha oili. Ute wa rangi ya chai ya maziwa maana yake maji yameingia kwenye oili. Chungulia na mdomo wa bomba la maji: matope ya kahawia yanaonyesha injini iliyoishi kwa maji ya bomba badala ya kuleti (maji maalumu ya kupozea injini), na njia zake za ndani huenda zimeziba.

Pima kompresheni ya kila silinda. Kwa jamii ya 2L, 3L na 5L, injini nzima hutoa karibu baa 31 (baa ni kizio cha msukumo), kima cha chini ni karibu baa 20, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi baa 5. Mimi huangalia zaidi hiyo tofauti. Injini yenye 27 kwenye silinda zote nne ninaichukua. Yenye 31, 30, 31 na 22 ninaiacha, kwa sababu ile ya mwisho ina ugonjwa na ndiyo itakayotoa moshi. Kwa injini yenye turbo, shika ncha ya shafti yake kwa vidole viwili. Kuzunguka kwa ulaini ni sawa, lakini ikicheza mpaka panga ziguse ukuta, turbo hiyo imekwisha.

Muuzaji akikataa injini ipimwe kwa madai kwamba "zote zinatoka Japani", anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Usilipe mpaka uwe na stakabadhi iliyoandikwa namba ya injini kwa ukamilifu, jina la muuzaji na tarehe, pamoja na nakala ya karatasi ya forodha inayoonyesha kuwa injini iliingia nchini kwa halali. Stakabadhi iliyoandikwa "injini moja, Toyota" haina thamani mbele ya mkaguzi.

## Hatua ya 5: Isafirishe ikiwa kavu

Injini ikitoka Dar es Salaam kuja Malindi, au kuendelea Mkoani, imwage oili na maji yote, uzibe kila tundu kwa plastiki na gundi ya karatasi, uifunge kwenye paleti ya mbao ikiwa imesimama. Maji ya chumvi yakiingia kwenye tundu la eksozi usiku mmoja tu, ringi huanza kushika kutu. Karatasi za mzigo zitaje namba ya injini ile ile iliyo kwenye stakabadhi.

## Hatua ya 6: Pima nafasi wakati injini ya zamani bado imo

Ukishaitoa injini ya zamani, umepoteza kipimo chako bora zaidi. Kabla ya hapo, pima kutoka katikati ya puli ya chini hadi rejeta, kutoka kifuniko cha juu hadi boneti, na kutoka sampu (bakuli la oili lililo chini ya injini) hadi ekseli ya mbele. Kata kadibodi kwa umbo la ubavu wa injini mpya, uishushe ndani, uone itagusa wapi.

Acha milimita 25 kati ya feni na rejeta, na kiasi hicho hicho kati ya injini na kitu chochote kisichotikisika nayo, kwa sababu injini hujipindua kwenye mipira yake kila unapokanyaga. Uelekeo wa propela shafti nao uangaliwe: mwisho wa giaboksi na mwanzo wa difu (gia za ekseli ya nyuma) vinapaswa kuwa na mwinamo unaolingana, na pembe ya kila kiungio isizidi digrii tatu kwa kadiri inavyowezekana. Zaidi ya hapo gari litanguruma kila likifika mwendo wa barabarani na viungio vitakwisha upesi.

Sampu ndiyo iliyonifundisha mimi. Injini niliyoipata ilitoka kwenye gari lenye springi za mbele zinazojitegemea, na pikapu yangu ina ekseli nzima inayopita chini ya injini. Tulipima gari likiwa limesimama, tukapata nafasi ya vidole vitatu, tukaridhika. Siku ya tatu, kwenye tuta la barabara ya Kinyasini, nikasikia mlio mmoja mzito chini ya miguu, na nilipotazama kioo nikaona mstari mweusi unanifuata. Fundi alikuja, akalala chini, akatoka na oili mpaka kwenye kope. "Maalim," akaniambia, "injini imekubali, ekseli ndiyo haijakubali."

Kumbe kipimo sahihi ni cha ekseli ikiwa juu kabisa. Ukilibeba gari kwa jeki lililowekwa chini ya ekseli, usitosheke na springi kuinama kidogo; fungua springi, uinue ekseli mpaka iguse mipira yake ya kuizuia, kisha ndipo upime hadi kwenye sampu. Ikiwa nafasi haibaki, tafuta sampu na bomba lake la kunyonyea oili kutoka kwenye injini ya jamii hiyo iliyofungwa kwenye gari la ekseli. Usipige sampu nyundo ili iingie: oili itapungua, na bomba la kunyonyea linaweza kuzibwa na bati lenyewe.

Vishikizo vipya vichomelewe baada ya injini kukaa mahali pake ikiwa imeungwa na giaboksi, kamwe si kwa kukadiria. Betri iondolewe kwanza, na kompyuta isiwe garini wakati wa kuchomelea.

## Hatua ya 7: Hamisha mfumo mzima wa moshi

Hapa ndipo mafundi wengi hukushauri "upunguze mambo". Usikubali. Kila kifaa kina kazi, na ukikitoa kimoja unavuruga kingine.

Bomba la kupumulia injini lirudi kwenye njia ya hewa kama lilivyokuwa. Likiachwa wazi hutoa mvuke wa oili, na mkaguzi akifungua boneti ataliona kwa harufu kabla hajaliona kwa macho. Vali inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini isizibwe kwa bati. Isafishwe masizi, kwa sababu ikikwama wazi dizeli hutoa moshi mweusi, na ikizibwa huongeza gesi zisizoonekana ambazo ndizo iliwekwa kuzipunguza. Kwa petroli, kopo la makaa linalonyonya mvuke wa tangi lihame pia.

Masega yakae umbali ule ule kutoka kwenye injini kama yalivyokuwa kwenye gari la asili. Hayafanyi kazi yakiwa baridi, yanahitaji joto la nyuzi zipatazo 250 hadi 300 za Selsiasi ndipo yaanze kusafisha. Ukiyasogeza nyuma chini ya bodi, yatachelewa kupata joto na safari ya Darajani hadi Mwanakwerekwe itaisha kabla hayajaamka. Sensa ya oksijeni ikae mbele yake, na kama injini ina ya pili, ikae nyuma yake.

Tundu dogo la eksozi mbele ya sensa lina madhara makubwa kuliko linavyoonekana. Hewa ya nje inaingia, sensa inadhani mafuta ni machache, kompyuta inaongeza petroli, na mwisho wake masega yanaungua. Ziba eksozi kwa kitambaa injini ikiwa inawaka kwa muda mfupi. Ukisikia kuvuja popote, rudia kuchomelea.

Kwa dizeli za pampu ya kawaida kama 3L na 5L, usafi wa moshi umo kwenye pampu na nozeli (vinyunyizio vya dizeli). Vipeleke vyote viwili kwa fundi mwenye mashine ya kupimia kabla ya kufunga. Skrubu ya pampu yenye lakiri isiguswe kwa ajili ya kuongeza nguvu: dizeli inayozidi hewa haiongezi kitu ila moshi mweusi na joto. Chujio la hewa liwe jipya, na kasha lake liwe na sili nzima.

Wakati injini bado iko chini, badilisha mkanda wa taimingi (kama injini yako inao; 3RZ-FE hutumia mnyororo), sili za mbele na nyuma, na pampu ya maji. Kazi hiyo ni ya saa mbili ikiwa mezani, na ya siku nzima ikiwa ndani ya gari.

## Hatua ya 8: Waya

Kama injini yako haina kompyuta, ruka hatua hii baada ya kuhakikisha kuwa taa ya oili, kipimo cha joto na chaji vinafanya kazi.

Kwa yenye kompyuta, tumia waya zake zote bila kuzikata, pamoja na soketi ya kusomea hitilafu, iwekwe mahali mkaguzi anapoweza kuifikia. Taa ya injini kwenye dashibodi iunganishwe kweli: iwake unapofungua swichi, izime injini inapowaka. Kuna mafundi wanaoitoa balbu ili taa isisumbue. Taa isiyowaka kabisa wakati wa kufungua swichi ni dalili ya kwanza anayoitafuta mtu anayejua kazi. Ikiwa gari la asili lilikuwa na ufunguo wenye chipu, hakikisha umepewa ufunguo huo na kifaa chake cha kuusoma, la sivyo injini haitawaka.

## Hatua ya 9: Kuwasha mara ya kwanza na kupima moshi

Jaza oili na kuleti. Kwa dizeli, chomoa waya wa kuzimia ulio kwenye pampu; kwa petroli, chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta. Piga stata kwa sekunde kumi, pumzika, rudia, mpaka taa ya oili izime. Kwa njia hii oili inafika kwenye beringi kabla injini haijaanza kuzunguka kwa kasi. Kisha rudisha waya, toa hewa kwenye njia ya dizeli kwa pampu ya mkono, uwashe.

Moshi mweupe wa dakika chache za kwanza usikutishe. Ukiendelea baada ya injini kupata joto, dizeli haiungui ipasavyo au maji yanaingia. Wa buluu ni oili. Mweusi ni mafuta kuzidi hewa.

Jaribio la nyumbani liko hivi: injini ikiwa na joto lake kamili, shika kitambaa cheupe kwa koleo, sentimita kumi kutoka mdomo wa eksozi, na msaidizi akanyage mara tatu mpaka mwisho kisha aachie. Kitambaa kikipata kivuli cha kijivu, uko karibu. Kikipata doa jeusi lenye unyevu, rudi kwenye nozeli na pampu.

Kitambaa kinakupa mwelekeo tu. Ukipata gereji yenye kipimo cha moshi wa dizeli, lenga namba ambazo Uingereza imekuwa ikizitumia kwa magari ya umri huu: isizidi 2.5 kwa mita (kipimo cha namna moshi unavyozuia mwanga) kwa injini isiyo na turbo, na 3.0 kwa yenye turbo. Kwa petroli yenye masega, kaboni monoksidi isizidi asilimia 0.2 injini ikizungushwa kwa kasi ya wastani. Omba karatasi ya matokeo, uihifadhi kwenye daftari.

Endesha kilomita 500 bila mzigo mzito kabla ya kwenda kukaguliwa. Kaza upya boti za vishikizo na za eksozi, angalia kila uvujaji, badilisha oili.

## Hatua ya 10: Ukaguzi na kadi

Nenda asubuhi, injini ikiwa imeoshwa ili namba isomeke. Beba kadi, stakabadhi ya injini, karatasi za forodha na za mzigo, barua yenye muhuri ya Hatua ya 2, karatasi ya kipimo cha moshi, na maelezo ya fundi yaliyosainiwa. Zipange kwa tarehe. Mkaguzi anayeona hadithi nzima mbele yake hana haja ya kuitafuta kwa maswali.

Gari likipita, kazi inabaki moja, nayo hufanywa ukiwa bado umesimama dirishani. Chukua ile karatasi nyembamba ya penseli kutoka Hatua ya 4, uiweke kando ya kadi mpya, usome namba ya injini herufi kwa herufi, kisha ujazo, kisha aina ya mafuta. Kadi yangu mimi iliandikwa 8 mahali palipokuwa na B, na niligundua nikiwa nimeshafika Bububu. Kurekebisha kulinichukua safari nne.